Sura ya Saba: Kipimo Kilichopotea

Desemba 1955 kiwanda cha Vincent mjini Stevenage, kaskazini ya London, kiliacha kutengeneza pikipiki. Waliozipenda Vincent walikuwa wengi, ila kuziunda kuligharimu mno na kampuni haikuweza kuendelea. Zilizokuwa zimekwisha kutoka ziliendelea kunguruma barabarani, Uingereza, Australia, Argentina na kwingineko, na injini inayonguruma inakula spea zake.

Tuanze na spea moja ndogo, valvu. Katika injini nyingi roka hugonga ncha ya juu ya valvu, valvu ikashuka, kisha springi ikairudisha. Vincent walifanya vingine. Shina la valvu yao lina bega katikati, na roka yenye panda hulizunguka shina na kulisukuma bega hilo. Chini ya bega kuna mwongozo mmoja wa kuliongoza shina, juu yake mwingine, na springi zimepandishwa mbali na joto la moto. Ni kazi ya akili kubwa, kazi ya Phil Vincent na mhandisi wake kutoka Australia, Phil Irving. Ni kazi pia inayomweka mwenye injini mahali pagumu, kwa sababu hakuna valvu ya gari wala ya pikipiki nyingine inayoweza kukaa hapo. Mwenye bodaboda ya Boxer akiunguza valvu hutuma kijana duka la spea na jioni anarudi kijiweni. Mwenye Vincent Black Shadow, injini ya sentimita za ujazo 998 iliyoweza kufika kilomita 200 kwa saa mwaka 1948, hana duka la namna hiyo mtaani kwake. Lazima mtu aketi amtengenezee.

Wengi hudhani jibu ni jepesi: mpe mkereza valvu ya zamani, naye akereze nyingine ya kufanana nayo. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Kipande kilichotoka kwenye injini iliyokimbia miaka 40 kinaonyesha kilichobaki, basi. Shina limelika, mwongozo umelika, bega limebonyea pale roka ilipokuwa ikigonga. Ukinakili kila unachokiona, umenakili na uchakavu wake, na injini inapewa kipande kipya kilichokwisha kuzeeka. Ndiyo maana naamini kwamba ufundi wa spea adimu, kabla haujawa ufundi wa mashine, ni ufundi wa kutafuta kipimo kilichopotea: kipande hiki kilikuwa na ukubwa gani siku kilipotoka kiwandani, na mchoraji alitaka kiwe na ukubwa gani, maana mara nyingine mambo hayo mawili hayakulingana hata siku hiyo ya kwanza.

Fundi anayeijua kazi huanza kupima pale pasipoguswa. Shina la valvu lina sehemu fupi karibu na kifungio cha springi ambayo haikuwahi kusuguana na chochote. Maikromita ikiwekwa hapo husoma kipimo cha asili au kilicho karibu nacho sana. Silinda nayo huliwa pale ringi za pistoni zinapopita. Juu kabisa, pale ringi ya kwanza isipofika, hubaki ukanda mwembamba wa chuma ambao haujalika, na ukiupitishia kidole kutoka chini unausikia kama kingo. Ukanda huo unasema mengi. Ukisoma kipimo kikubwa kuliko kile cha kitabu kwa inchi 0.020, ambayo ni karibu nusu milimita, basi kuna fundi aliyepita hapo zamani akaipanua silinda na kuweka pistoni ya oversaizi.

Kisha kuna tabia za wachoraji wenyewe. Waingereza wa miaka ile walifikiri kwa inchi na mafungu yake. Shina likisoma inchi 0.372, akili ya fundi inakwenda kwenye 0.375, yaani 3/8, halafu anajiuliza mchoraji aliacha nafasi kiasi gani ili mafuta yapite. Lakini tabia hiyo nayo ina mipaka yake: silinda ya Vincent ilichorwa kwa milimita, 84 kwa kipenyo na 90 kwa mwendo wa pistoni, ilhali bolti zinazozunguka injini hiyohiyo ni za inchi. Anayekisia kwa nusu saa bila kupima sehemu tatu nne tofauti atadanganyika.

Bolti zinastahili kuzungumziwa kidogo, kwa sababu zimeua makasha mengi ya injini. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alipendekeza utaratibu wa kwanza wa tredi kwa Uingereza nzima, na pembe ya jino la tredi yake ni nyuzi 55. Watengenezaji wa baiskeli, na baada yao wa pikipiki, walikuwa na tredi yao nyingine yenye pembe ya nyuzi 60. Sasa chukua bolti ya robo inchi. Katika tredi nyembamba ya familia ya Whitworth ina meno 26 kwa inchi. Katika tredi ya baiskeli ina meno 26 kwa inchi. Nati ya upande mmoja huingia kwenye bolti ya upande wa pili, ikazunguka vizuri, ikakaza, na mkono wa fundi ukaridhika. Ndani yake meno yamegusana kwa ukanda mwembamba tu. Kwenye chuma huenda ikavumilia. Kwenye alumini ya kasha la krenki, joto likipanda na mtetemo ukiendelea, tredi inang'oka yote na shimo linabaki tupu. Vibaya zaidi ni yule anayekuja na bolti ya kisasa ya milimita 6 kwa sababu ndiyo aliyonayo mfukoni, huku shimo ni la milimita 6.35. Mwenye injini ya namna hii hana budi kununua vipimo vya tredi vya aina zote mbili, na kuvitumia kila mara, hata pale anapodhani anajua.

Kipande kinachomfunza mtu unyenyekevu kuliko vyote ni pistoni. Ukiitazama unaona mduara na mcheduara, umbo la mkebe. Ukiipima unakuta si duara kamili wala haina upana mmoja kutoka juu hadi chini. Kichwa ni chembamba kuliko sketi, kwa kuwa kichwa ndicho kinachopokea moto na kutanuka zaidi. Sketi yenyewe ni duaradufu: imepunguzwa upande wa pini, kwa sababu huko chuma ni kinene na hutanukia huko. Ikipata joto ndipo inapokaribia kuwa mduara. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu, kwa hiyo pistoni ya milimita 84 ikipandishwa joto kwa nyuzi 200 huongezeka kati ya milimita 0.3 na 0.4, na slivu inayoizunguka haiongezeki kiasi hicho. Nafasi ikiwa ndogo, pistoni inakwama na injini inafunga ghafla barabarani. Ikiwa kubwa, inagonga ikiwa baridi na mafuta yanapanda juu.

Fikiria basi mtu aliyeletewa pistoni iliyokwaruzika na kuombwa aikereze nyingine. Duaradufu ile imekwisha kusuguliwa. Aloi ya zamani haijulikani, na aloi anayotumia yeye huenda ina silikoni nyingi, karibu asilimia 12, ambayo hutanuka kidogo kuliko aloi nyingi za zamani. Akiweka nafasi ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha 1949, pistoni yake itagonga. Akiweka nafasi ya kisasa bila kujua aloi yake kwa hakika, atafunga injini ya mtu. Hapa kipimo cha zamani hakimsaidii hata akikipata. Anachohitaji ni sababu ya kipimo kile, kisha ajenge kipimo kipya juu ya sababu hiyohiyo.

Kusubu nako kuna mtego wake. Wasomaji waliopita Gikomba, Nairobi, wamewaona mafundi wa jua kali wakiyeyusha alumini chakavu, zikiwemo pistoni na makasha ya injini, na kuimimina kwenye kalibu za mchanga kutoa sufuria. Kanuni ni hiyohiyo inayotoa kifuniko cha injini ya 1938: umbo la mfano linazikwa mchangani, linatolewa, na chuma kinajaza pengo lililobaki. Ila alumini ikipoa hunywea kwa asilimia 1.3 hivi. Sufuria ikipungua kwa kiasi hicho hakuna anayejua. Kifuniko cha milimita 200 kikipungua, matundu ya bolti hayakutani tena na ya kasha kwa zaidi ya milimita 2. Kwa hiyo anayetumia kifuniko cha zamani chenyewe kuwa umbo la mfano hupata kipande kidogo kuliko alichokizika. Mafundi wa zamani wa maumbo ya mbao walikuwa na rula maalumu kwa kazi hii, inchi zake zimenyoshwa kidogo kulingana na chuma kitakachomiminwa: rula moja ya alumini, nyingine ya chuma cha kusubu. Mchonga mbao alipima kwa rula hiyo bila kupiga hesabu yoyote, na umbo likatoka kubwa kwa kiasi kinachotakiwa. Ni kifaa ninachokipenda kuliko vyote vya kazi hii.

Leo kuna mashine za kupiga kipande picha ya pande zote na kukiingiza kwenye kompyuta, na nyingine za kujenga kalibu ya mchanga tabaka kwa tabaka bila umbo la mbao kabisa. Zimewaokoa wengi, hasa wenye injini ambazo michoro yake iliteketea. Lakini mashine ya picha hunakili uchakavu kwa uaminifu uleule wa mkereza asiyeuliza. Inaonyesha mkunjo wa kifuniko kilichopashwa moto miaka 60, inaonyesha uso uliosuguliwa kwa tupa na mtu aliyetaka kuzuia mafuta yasivuje. Lazima akae mtu mbele ya skrini aseme: hapa palikuwa tambarare, haya matundu mawili yalikuwa kwenye mstari mmoja, hii pembe ilikuwa nyuzi 50. Bila mtu huyo, kompyuta itatoa kifuniko kipya kilichopinda.

Mtu mmoja alifanya kinyume cha haya yote, na hawezi kuachwa. Burt Munro wa Invercargill, kusini kabisa ya New Zealand, alinunua Indian Scout mwaka 1920. Ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 600, na mwendo wake wa juu ulikuwa kilomita 89 kwa saa. Kwa miaka zaidi ya 40 aliibadilisha injini ile kipande kwa kipande, kwa vifaa ambavyo karakana nyingi zingevitupa. Pistoni alizisubu mwenyewe ndani ya mikebe. Silinda alizitoa kwenye mabomba ya gesi ya chuma cha kusubu. Konrodi alizichonga kwa mkono kutoka ekseli ya trekta ya Caterpillar, akazipika zipate ugumu, akazilainisha. Agosti 1967, akiwa na miaka 68, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, Marekani, aliweka rekodi ya maili 184.087 kwa saa, karibu kilomita 296, katika daraja la injini zisizozidi sentimita za ujazo 1,000. Injini ilikuwa na miaka 47.

Nyumbani alikuwa na rafu aliyoipangia pistoni, valvu na konrodi zilizovunjika, na juu yake aliandika kuwa ni sadaka kwa mungu wa kasi. Namheshimu Munro bila kiasi, na bado nasema njia yake haimfai mwenye injini moja adimu anayotaka kuirithisha. Yeye alikuwa akitafuta mwisho wa chuma, na mwisho wa chuma huonekana chuma kikivunjika. Rafu ile ndiyo ilikuwa kitabu chake cha vipimo. Kila kipande kilichokatika kilimwonyesha palipokuwa pembamba kupita kiasi, na kilichofuata alikitengeneza akijua.

Swali la chuma gani kimetumika lilikuwa gumu zamani kuliko lilivyo sasa. Siku hizi kuna kifaa cha mkononi cha eksirei ambacho hutaja nikeli, kromiamu na shaba iliyomo kwenye aloi kwa sekunde chache. Kisichotajwa na kifaa hicho ni jinsi chuma kilivyopikwa. Nundu za kamshafti nyingi za zamani ni za chuma laini kilichopashwa moto wa karibu nyuzi joto 900 ndani ya mazingira yenye kaboni, hadi ngozi yake ya juu, milimita moja hivi au pungufu, ikawa ngumu sana huku moyo ukibaki laini usiovunjika. Anayesaga nundu iliyolika ili kuinyoosha anaweza kuipita ngozi hiyo bila kuona tofauti yoyote kwa macho. Kamshafti itang'aa, itapimwa, itakubaliwa, na baada ya safari chache itakuwa imelika tena. Umbo la nundu lenyewe haliwezi kukisiwa: hupimwa kwa kuzungusha kamshafti nyuzi moja moja na kuandika kimo kila mara, kisha namba zinalinganishwa na za kamshafti nyingine tatu nne, ili ionekane ipi imelika na wapi.

Mambo mengine yalibadilika nje ya injini. Petroli yenye risasi, iliyokuwa ikilinda siti za valvu za chuma cha kusubu, iliondolewa Uingereza mwanzoni mwa 2000, na nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa 2006. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Dunia imepona sumu mbaya, na hakuna mpenzi wa pikipiki mwenye haki ya kuililia. Kazi iliyobaki ni ndogo: siti ya zamani hutolewa kwa mashine, na pete ya chuma kigumu hupachikwa mahali pake. Injini za mwaka 1920 na za kabla yake, Scout ya Munro ikiwemo, zilizaliwa kabla risasi haijaingia kwenye petroli.

Kabureta za aloi ya zinki zina ugonjwa wao. Zinki iliyochanganyika na risasi au bati kidogo tu hupasuka kutoka ndani mwaka hadi mwaka, na hakuna gundi wala moto wa kuchomelea utakaoirudisha. Hiyo hutengenezwa upya au hutafutwa nyingine. Magneto huchoka kwa njia ya siri zaidi: injini huwaka vizuri ikiwa baridi, inakataa ikipata joto, na mwenye nayo hubadilisha plagi na kusafisha kabureta bila mafanikio, huku kosa likiwa kwenye kapasita iliyofichwa ndani.

Nirudi kwa Vincent, kwa sababu wenye pikipiki hizi walilijibu swali la spea kwa njia ambayo karakana moja peke yake isingeweza. Chama cha wenye Vincent kiliundwa mwaka 1948, kiwanda kikiwa bado hai. Mwaka 1975 wanachama walianzisha kampuni yao ya spea. Hesabu yake ni rahisi kuifuata. Kutengeneza kipande kimoja kunahitaji mchoro, kupanga mashine, kununua chuma, kutafuta mtu wa kukipika na mwingine wa kukisaga kwa jiwe, na gharama hizo karibu hazibadiliki ukitengeneza kimoja au mia. Mtu mmoja akiagiza valvu mbili analipia yote peke yake. Watu mia wakikusanya fedha mapema, kila mmoja anapata valvu kwa bei ya kuvumilika, na nyingine zinabaki rafuni zikiwasubiri ambao injini zao hazijaharibika bado. Kampuni hiyo imefika hatua ya kuunganisha Black Shadow nzima kwa vipande vipya.

Kwangu faida yake kubwa ni nyingine. Kipande kinapopita mikononi mwa mamia ya watu, makosa yake hujulikana. Mmoja anaandika kwamba bega la valvu yake limebonyea mapema. Mwingine anasema mwongozo wake unabana injini ikipata moto. Mchoro unarekebishwa, na toleo linalofuata ni bora. Fundi wa peke yake, hata awe hodari namna gani, hutengeneza kipande kimoja, anakifunga ndani ya injini, na pengine asijue kamwe kilivyofanya kazi.

Je, iwe halali kuboresha? Wapo wanaotaka kila kitu kibaki kama kilivyotoka Stevenage, pamoja na udhaifu wake. Msimamo wangu ni kwamba kilicho ndani na kinachoweza kurudishwa kibadilishwe bila hofu: mwongozo wa valvu wa bronzi badala ya chuma cha kusubu, pistoni ya aloi bora, kapasita ya kisasa ndani ya magneto. Phil Irving mwenyewe alikuwa mtu wa kurekebisha maisha yake yote, na aloi hizi angezitumia kama angekuwa nazo. Nisichokikubali ni kukata cha asili kisichorudi. Kasha la krenki lenye namba yake ya kuzaliwa halitobolewi ili kipande kisicholingana kiingie. Kinachochongwa ni kipande kipya, kwa kuwa hicho kikiharibika kuna kingine.

Na kazi haijakamilika kipande kinapoingia kwenye injini. Kila kipande kitoke na karatasi yake: kipimo kilichokusudiwa na kiasi kinachoruhusiwa kuzidi au kupungua, jina la aloi, joto lililotumika kuipika na ugumu uliopatikana, nafasi iliyoachwa na sababu yake. Kama ni oversaizi, namba ipigwe mhuri juu ya kichwa cha pistoni, pale atakapoisoma yeyote atakayefungua silinda. Kama aloi si ile ya kiwanda, iandikwe hivyo waziwazi, hata ikiwa bora zaidi. Kile kipande kilichotolewa nacho kisipelekwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu: kifungwe lebo yenye namba ya injini na tarehe, kipakwe mafuta, kiwekwe kwenye sanduku pamoja na karatasi.